Deheni Kwanza, Sifa Baadaye

Kwa muda wa miaka minne, kila Ijumaa asubuhi, jirani zangu wa Chikongola hapa Mtwara walikuwa wakiniona nimekunja suruali hadi magotini, mpira wa maji mkononi, naosha gari langu. Ni Toyota Carina ya zamani, ya rangi ya buluu iliyokolea, niliyoinunua mkononi mwa mtu baada ya kuweka akiba ya misimu mitatu ya korosho juu ya mshahara wangu wa ualimu. Lilikuwa gari la kwanza katika ukoo wetu. Baba yangu ni mvuvi wa Msangamkuu, na babu yangu alikuwa mvuvi vilevile. Sisi tulijua ngalawa na mashua, usukani wa gari hatukuujua. Basi msomaji atanielewa nikisema kwamba nililipenda gari lile, na kwamba mapenzi yangu yote niliyaweka juu ya rangi yake.

Kwa nini Ijumaa? Nilikuwa nikijiambia kwamba siku tukufu inastahiki usafi, na maneno hayo ni ya kweli. Lakini mja akijihesabu vizuri huikuta nia yake imejificha mahali pengine. Ukweli ni kwamba Ijumaa ndiyo siku ambayo watu wengi hukusanyika msikitini, na gari langu husimama pale nje kila mtu akilipita. Nilitaka waone namna mti ulio kando ya njia unavyojitazama katika boneti yangu. Mara nyingi nilishughulika na gari hata saa zikanipita, nikajimwagia maji ya haraka haraka, nikaingia msikitini khatibu ameshapanda mimbari. Gari lilikuwa limeoga vizuri kuliko mwenye gari.

Mama watoto alinionya kwa upole zaidi ya mara moja. Alikuwa akisimama mlangoni, anautazama mfereji mdogo wa maji ya sabuni unavyoteremka kuelekea barabarani, kisha anasema: "Baba watoto, maji hayo unayoyamwaga sisi huku ndani tunayatumia siku ngapi?" Nami nilikuwa na jibu langu tayari, jibu ambalo leo nikilikumbuka nainamisha uso: "Bili nalipa mimi." Akanyamaza. Kulipa bili si hoja mbele ya Mola aliyeyateremsha maji yenyewe, lakini wakati ule niliiona hoja nzito kabisa.

Wazazi wa mama watoto ni watu wa Msimbati, kule ambako nchi inaishia baharini karibu na mlango wa mto Ruvuma. Karibu kila mwezi tulikwenda kuwajulia hali. Atakayekwenda huko hupita njia ya Madimba, na akishafika hukuta mchanga mweupe ulioshikana, mpana, ambao maji yakipwa gari hupita juu yake kana kwamba ni lami. Wanangu walifurahi sana kupita pale ukingoni mwa maji, wakisikia matairi yanavyochana mawimbi madogo. Nami niliwafurahisha. Tukirudi mjini, sehemu za juu niliziosha hata zikang'aa kama kioo. Chini ya gari sikuwahi kuinama hata siku moja.

Ikafika siku moja ya mwezi wa Agosti. Tulikuwa tunatoka Lindi kwenye harusi ya ndugu. Kiti cha mbele alikaa mama mkwe wangu kwa heshima yake, na nyuma alikaa mama watoto na wanetu wawili, mdogo amelala mapajani mwa mama yake. Barabara ya kutoka Mingoyo ni ya lami, na gari lilikuwa linateleza vizuri. Tulipofika kwenye mteremko wa kuingilia Mikindani nikagusa breki nipunguze mwendo. Pedeli ikashuka. Nikaikanyaga tena, ikashuka hadi karibu na sakafu, laini kama ninayekanyaga tope. Gari lilipungua kidogo sana, na mbele yetu palikuwa na lori limeelemewa na mzigo, linashuka polepole.

Sikumbuki kama nilisoma chochote kwa ulimi. Moyoni najua nilisoma. Nilirudisha gia chini, injini ikanguruma, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikalielekeza gari pembeni kwenye mchanga na majani. Likayumba, likaparuza kichaka, likasimama. Mama mkwe alikuwa na tasbihi mkononi, macho ameyafumba tangu tulipotoka Lindi. Akayafumbua, akaniuliza: "Mwanangu, tumefika?" Sikuweza kumjibu. Mama watoto alinitazama katika kioo cha mbele, akaelewa kila kitu, naye hakusema neno.

Fundi alilifuata gari jioni ile. Kesho yake alilipandisha juu ya vihimili vya chuma, akaniita nilale kando yake nitazame. Bomba jembamba la chuma linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu moja la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu pale linaposhikwa na klipu, likatoboka. Akanieleza kwamba mfumo wa breki umegawanywa katika njia mbili, ili moja ikipasuka nyingine ibaki na nguvu kidogo. Na hiyo iliyobaki ndiyo iliyotusaidia, kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Kisha akachukua bisibisi, akaugusa ubavu wa chini wa gari mahali panapotazama tairi. Chuma kikabanduka vipande vipande kama gome la mti mkavu. Akasema maneno ambayo hayakuwa ya kunikejeli, ndiyo maana yaliniuma: "Mwalimu, juu umefanya kazi nzuri. Huku chini hapajaguswa."

Jumamosi iliyofuata nilipanda kivuko nikaenda Msangamkuu kumwamkia baba. Siku hizi haendi tena baharini, lakini nyavu za vijana bado hupitia mikononi mwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anafunga fundo la wavu, hakuinua uso. Nilipomaliza akaniuliza: "Mashua ukitaka kuitengeneza huanzia wapi?"

"Chini, baba."

"Kwa nini chini?"

"Kwa sababu chini ndiko inakoliwa."

"Na deheni na sifa, kipi hupakwa kwanza?"

"Deheni."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Haya. Sasa hilo gari lako ni chombo gani kisichokuwa na chini?"

Msomaji wa bara huenda asiyajue maneno haya, kwa hiyo nitayaeleza. Tulipokuwa watoto tuliona namna mashua inavyotunzwa. Wakati wa bamvua huletwa hadi juu ya ufuko, na maji yakipwa huegemea ubavu. Wazee hukwangua magamba ya baharini yaliyoshika mbao, kisha huwasha makuti makavu na kuupitisha moto chini ya mkuku ili kuua wadudu wanaotoboa mbao. Nyufa huzibwa kwa pamba, ndiyo kalafati. Baada ya hapo hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, sehemu yote ya chini itakayozama majini. Mwisho kabisa ndipo huja sifa, mafuta ya papa, yanayopakwa mbao za juu ili jua lisizipasue. Na ni siku hiyo ya mwisho ambapo wapita njia husimama na kusema mashua ya fulani inapendeza. Katika Kiswahili chetu neno ni hilohilo: sifa inayopakwa chombo na sifa anayopewa mtu. Mimi nilikuwa nimeanza na sifa zote mbili, na deheni sikuipaka kabisa.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo ningependa kila mwenye gari anayeishi pwani ayajue, awe Mtwara, Kilwa, Tanga au Unguja.

La kwanza ni habari ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ndoo ya lita 20 ina karibu gramu 700, yaani zaidi ya nusu kilo. Matairi yanapochana mawimbi, chumvi hiyo hurushwa chini ya gari na kuingia katika kila kipenyo. Maji hukauka, chumvi hubaki. Nayo chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani. Kila mama anajua namna chumvi ya jikoni inavyolowa siku za masika hali ya kuwa hakuna aliyeitia maji. Ndivyo inavyofanya chini ya gari: huendelea kukilowesha chuma usiku na mchana, na kutu hupata kila inachokihitaji. Hata asiyekwenda ufukoni hasalimiki, kwa kuwa upepo wa kusi huileta chumvi hadi mjini. Na mchanga uliojibana nyuma ya madigadi hushika unyevu kama kitambaa kibichi.

La pili ni habari ya maji. Nilitaka kujua mama watoto alikuwa akilalamikia kitu gani hasa, basi nikauelekeza mpira wangu katika ndoo ya lita 20 na kutazama saa. Ndoo ilijaa kwa dakika moja na nusu. Nilikuwa nikiosha gari kwa dakika 40, na mpira sikuufunga. Hesabu yake ni zaidi ya lita 530, sawa na ndoo 26 na ziada. Nikakumbuka tulivyofundishwa madrasa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho hakifiki lita, na akioga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Ukichukua mudi kuwa kiasi cha lita 0.7 kwa kukadiria, maji niliyomwaga kwa gari moja asubuhi moja yangetosha udhu wa watu zaidi ya 700. Umma mzima wa msikiti wetu siku ya Ijumaa ungetawadha kwa maji ya Carina yangu, na yangebaki.

Ipo pia hadithi mashuhuri ya Saad (r.a.) aliyekuwa akitawadha, Mtume akamkataza israfu, naye akauliza kama katika udhu nako kuna israfu, akajibiwa kuwa ipo hata mtu akiwa kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wameizungumza isnadi ya hadithi hiyo, lakini makatazo ya israfu yamo katika Qur'ani yenyewe, katika Suratul Aaraf na Suratul Israa, wala hayana ubishi. Ikiwa ibada yenyewe ina kipimo cha maji, gari ni nani lisiwe na kipimo?

Basi sasa nieleze tunavyofanya. Nasema "tunavyofanya" kwa sababu kazi hii si yangu peke yangu tena. Mwanangu wa kwanza, aliyeingia kidato cha pili, ndiye mshirika wangu. Siku tumeihamisha. Huosha Alhamisi baada ya swala ya Alasiri, jua limepungua na kivuli cha nyumba kimelifunika gari. Ijumaa tumeiachia Ijumaa.

Maji hutolewa na mama watoto: ndoo mbili za lita 20, na akishazitoa hazina nyongeza. Juu yake tuna bomba la mgongoni la lita 16, la aina ile wanayopulizia dawa mashambani. Tulilinunua jipya na halijawahi kutiwa dawa. Lililowahi kutiwa dawa lisiguswe na mtoto kwa kazi hii. Kwa hiyo maji yote ni lita 56, karibu sehemu moja ya kumi ya niliyokuwa nikiyamwaga.

Tunaanza chini. Kwanza gari lipoe, kwani maji baridi juu ya breki zenye moto yanaweza kuzipinda. Mwanangu huinama kila upande na tochi, anatazama kabla ya kumwaga tone. Kisha kwa bomba la mgongoni tunasukuma maji nyuma ya madigadi, kwenye kingo za chini za milango, na kando ya mabomba ya breki, hadi maji yanayodondoka yaache kuwa na mchanga. Chini ya milango kuna matundu madogo ya kutolea maji ya mvua. Yakizibwa na mchanga, mlango huoza kwa ndani hali ya kuwa nje unang'aa. Tunayazibua kwa kijiti. Nami nasisitiza kwa wazazi: mtoto asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza. Kutazama kutoka ubavuni kwa tochi kunatosha kwa kazi ya nyumbani, na linalohitaji kuingia chini apelekewe fundi.

Tukishamaliza chini tunakwenda juu. Kwanza tunamwagia maji kidogo ili vumbi lishuke lenyewe. Vumbi letu la barabara za korosho ni mchanga mwembamba, na anayelifuta kikavu anaisugua rangi kwa msasa. Ndoo moja ina sabuni, nyingine ina maji matupu. Kitambaa laini huchovywa katika sabuni, hupitishwa kwenye paa kwanza, kisha vioo, boneti, milango; kila baada ya sehemu moja hukamuliwa katika ndoo ya maji matupu ili mchanga ubaki humo. Magurudumu yana kitambaa chake pekee. Sabuni ya unga ya kufulia tumeiacha, kwa kuwa huiondoa nta inayoilinda rangi. Shampuu ya gari, kifuniko kimoja tu, inatosha ndoo nzima. Mwishoni gari hukaushwa kwa taulo kabla matone hayajakaushwa na jua na kuacha madoa meupe.

Watu wengi huchanganya kupiga polishi na kupaka nta, nami nilikuwa miongoni mwao. Polishi ndani yake ina unga mwororo unaokwangua. Inang'arisha kwa sababu inaondoa tabaka jembamba la juu lenye mikwaruzo na lililofifishwa na jua. Sasa rangi yote ya gari iliyopakwa kiwandani, kuanzia ya msingi hadi ile angavu ya juu, unene wake ni kama karatasi moja au mbili za kuandikia. Mimi nilikuwa nikipiga polishi kila mwezi. Kwenye kona za boneti nilikuwa nimekwangua hadi rangi ya msingi inachungulia, nami nikidhani ni jua. Mara moja kwa mwaka inatosha, na pale tu panapohitajika.

Nta yenyewe haikwangui kitu. Hukaa juu ya rangi kama sifa inavyokaa juu ya mbao, ikazuia jua, chumvi na kinyesi cha kunguru. Hupakwa kidogo sana, sehemu moja moja, kivulini, juu ya rangi iliyo safi na kavu. Huachwa hadi iwe nyeupe kama ukungu, kisha hufutwa kwa kitambaa kikavu. Nyingi si bora. Kwa jua na chumvi yetu, kila miezi miwili au mitatu hurudiwa. Dalili ya kwamba imekwisha ni maji: rangi yenye nta maji hukusanyika juu yake vitone vitone, isiyo nayo maji hutandaa.

Mwanangu alisoma kwenye kopo la nta jina la mti, karnauba, akaenda kuuliza shuleni na kurudi na habari iliyonifurahisha. Karnauba ni jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Kiangazi cha huko ni kikali, na mti huo huyafunika majani yake kwa nta ili maji yasiyatoke. Watu huyakata majani, huyakausha, huyapiga, na unga wa nta hudondoka. Na mkorosho nao asili yake ni upande huohuo wa Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Kwa hiyo mti ulioninunulia gari na mti unaolilinda rangi yake ni majirani wa tangu zamani. Ametakasika aliyeupa mti elimu ya kuhifadhi maji yake, na mwanadamu mwenye akili ayamwage ndoo 26.

Ingawa mkorosho ni mfadhili wetu, gari lisilazwe chini yake wakati wa msimu. Bibo likidondoka juu ya rangi huacha doa kama linavyoacha kwenye kanzu. Na mafuta ya taa au dizeli ambayo vijana hupaka matairi ili yawe meusi ni ya kuachwa, kwa sababu huudhuru mpira. Vivyo hivyo oili chafu inayopulizwa chini ya gari kwa nia ya kuzuia kutu. Ni kweli hukifunika chuma, lakini hulainisha mipira iliyo huko chini, na mvua ya kwanza huisukuma hadi kisimani kwa jirani. Zipo dawa za kuzuia kutu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi atazipaka chuma kikiwa kikavu na safi. Hiyo ndiyo deheni ya gari.

Nimalizie habari ya maji kwa kuwasihi ndugu zangu wanaoingiza magari mtoni na kwenye vijito. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, kwa kuwa maji ni haki ya watu wote. Mafuta na sabuni vikimwagwa Ruvuma havipotei. Vinashuka na mto hadi kwenye mikoko ya mlangoni, mahali ambapo kamba na samaki wadogo hukulia, na ambapo tangu mwaka 2000 pamekuwa hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Baba yangu amelishwa na bahari hiyo miaka yote. Sisi nyumbani maji ya sabuni tunayamwaga kwenye mchanga, mbali na kisima na mbali na njia.

Likizo iliyopita tulipanga kwenda Msimbati Jumamosi mapema. Alhamisi ile mvua ilinyesha, hatukuosha. Ijumaa jioni nikasema gari litakwenda na vumbi lake, hakuna dhara. Mwanangu akaomba atazame chini tu, dakika mbili. Nikamruhusu, huku nikitaka kuingia ndani kunywa chai.

"Baba, huku kuna unyevu. Sidhani kama ni maji."

Nikainama. Upande wa ndani wa tairi la nyuma, kushoto, palikuwa na mchirizi mweusi. Nikaugusa kwa kidole, ukateleza. Yalikuwa mafuta ya breki, yanavuja ndani ya gurudumu. Tulitazamana, na wote wawili tukakumbuka mteremko wa Mikindani. Nilimwekea mkono begani na sikupata la kusema zaidi ya Alhamdulillah. Mama yao tulimweleza usiku ule. Yeye alikwenda kumtazama mdogo aliyelala, akakaa naye kwa muda mrefu.

Jumamosi fundi alifanya kazi hadi Adhuhuri. Tuliswali, tukapakia mizigo, tukasoma ile dua ya kupanda chombo iliyomo katika Suratuz Zukhruf, nami kwa mara ya kwanza niliisoma kama mtu anayeelewa kwamba chombo hiki hakikutiishwa kwa nguvu zake. Tukaondoka. Njia ilikuwa ya vumbi tupu.

Mama mkwe alitupokea uani. "Mbona mmechelewa hivi? Chakula kimepoa."

"Tuwie radhi, mama," nikasema. "Tulikuwa tunashughulika na usafi wa gari."

Akaligeukia gari. Kuanzia paa hadi bampa lilikuwa jekundu kwa vumbi, hata rangi yake haikujulikana. Akalitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa, akaenda kupasha chakula moto.